Alitapika dawa za TB, ini likasingiziwa: kisa cha mkulima wa korosho kutoka Tandahimba

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 46, mkulima wa korosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Aliletwa hospitalini saa tano usiku, mwezi wa Agosti, akiwa na siku 12 tangu aanze dawa za kifua kikuu. Barua ya rufaa ilikuwa fupi: anatapika, tumbo linauma, mkojo umebadilika rangi, dawa za TB zimeathiri ini, dawa zimesimamishwa. Baadhi ya maelezo yake nimeyabadilisha ili asitambulike.

Aliyeandika barua ile alikuwa na sababu. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuliumiza ini, na dalili za mwanzo ni hizo hizo: kichefuchefu, kutapika, chakula kumchukiza mtu, maumivu ya juu ya tumbo. Kwa mgonjwa wa TB aliye katika wiki za mwanzo za dawa, ini ndilo la kwanza kutiliwa shaka, na inafaa iwe hivyo. Ila kwa mgonjwa huyu halikuwa lenye kosa. Kama tungemwekea dripu ya kumshikilia tu tukangoja majibu ya ini hadi asubuhi, sidhani kama asubuhi ingemkuta hai.

Alivyofika

Alikuwa anajibu kwa neno moja moja, kisha anafumba macho. Presha akiwa amelala ilikuwa 82/50. Mapigo ya moyo 116 kwa dakika, pumzi 24, joto 37.9. Sukari ya kidoleni 2.7. Uzito kilo 47. Tulipomketisha kitandani alisema anaona giza, namba ya juu ya presha ikashuka hadi 64, tukamrudisha chini haraka.

Weupe wa macho ulikuwa safi, bila umanjano. Tumbo lilikuwa laini, likimuuma kila tulipobonyeza bila kituo maalumu. Ini halikupapasika chini ya mbavu na hapakuwa na maji tumboni. Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa kweli, lakini povu lake lilikuwa jeupe, na kijiti cha kupimia hakikuonyesha bilirubini. Hiyo ni rangi ya rifampisini. Huipaka hata machozi na jasho, na mgonjwa anapaswa kuambiwa siku anayokabidhiwa vidonge, vinginevyo yeye na ndugu zake watakuwa na haki ya kuogopa. Mkojo wa mtu mwenye umanjano huelekea rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukiutikisa povu nalo linakuwa la manjano. Huo ni uchunguzi wa nusu dakika usiodai umeme wala kemikali.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyemmulika mdomoni kwa tochi. Kwenye fizi na ndani ya mashavu palikuwa na mabaka ya rangi ya wino. Tukavigeuza viganja: mistari yake ilikuwa imekolea weusi, na vifundo vya vidole vilevile. Kwenye muundi wa kushoto alikuwa na kovu la panga la mwaka mmoja nyuma, jeusi tii. Kwenye goti alikuwa na kovu la utotoni, nalo lilikuwa limebaki na rangi yake ya zamani. Makovu hayo mawili kwenye mguu mmoja yalinieleza mengi. Kovu lililopatikana baada ya ugonjwa kuanza huwa jeusi. Lililotangulia ugonjwa hubaki lilivyokuwa.

Wengi wetu tuna weusi wa kuzaliwa kwenye fizi, kwa hiyo kuuona tu hakutoshi. Cha kuuliza ni kama umekuja juzijuzi. Nilimwamkia mkewe, nikamuuliza.

"Mama, huu weusi wa mdomoni alikuwa nao siku zote?"

"Hapana, mwanangu. Huyu alikuwa maji ya kunde. Hii rangi imemwingia toka mwaka jana. Watu wanasema ni salfa."

Nilimwomba kitambulisho cha taifa cha mumewe. Picha ile na uso uliokuwa kitandani vilitofautiana kiasi kwamba muuguzi alisoma jina mara ya pili.

Mwaka mzima kabla ya usiku ule

Salfa ni unga wanaoupuliza wakulima kwenye mikorosho miezi ya katikati ya mwaka, wakati miti inapotoa maua, ili kuzuia ubwiri unga. Mtu hubeba mashine mgongoni, unga unafuka, na asiyejifunika hurudi nyumbani macho mekundu, koo linawasha, anakohoa. Kwa hiyo mkulima anapokohoa, akachoka na kubadilika rangi, salfa inakuwa maelezo ya kila mtu, kuanzia jirani hadi mhudumu wa duka la dawa. Salfa kweli inawasha macho, ngozi na kifua. Haiweki wino ndani ya mashavu, wala haishushi sukari ya damu.

Mkewe alisimulia kwa mpangilio mzuri kuliko daftari lolote la kliniki alilokuja nalo. Uchovu ulianza mwaka uliopita, wakati wa kuokota korosho. Mume aliyekuwa akimaliza shamba kabla ya jua kuwa kali akawa anakaa chini ya mti kila baada ya muda mfupi. Kichefuchefu kilikuwa kikimsumbua zaidi asubuhi. Chembe cha moyo kilimuuma. Akatibiwa vidonda vya tumbo mara tatu sehemu tofauti, akapata omeprazole, akapata nafuu ya siku chache, ikaisha. Akapimwa Widal, akaambiwa ana taifodi. Akapewa dawa za minyoo. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi kila kilipofanywa, lakini alitibiwa malaria pia. Uzito ulikuwa kilo 61, ukawa unashuka taratibu.

Nilipomuuliza kuhusu chumvi, mama alinitazama kwa mshangao, akageuka kumtazama mumewe.

"Nani kakwambia? Huyu anakula embe bichi kwa chumvi. Embe zikiisha anaimimina kiganjani, analamba. Nikaificha. Si wanasema chumvi inaleta presha?"

Alikuwa ameificha wiki ile ile. Hakukosea kwa alichofundishwa. Sote tumewaambia watu wapunguze chumvi, na ni ushauri mzuri kwa wengi. Kwa mumewe, mwili ulikuwa unapoteza chumvi kwenye mkojo usiku na mchana, na ule ulafi wa chumvi ndio uliokuwa ukimshikilia asianguke. Katika daftari lake lote la matibabu hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba aliulizwa swali hilo. Mgonjwa wa tumbo huulizwa kuhusu pilipili, pombe na kula kwa wakati. Kuhusu chumvi haulizwi.

Pombe: alikuwa akinywa uraka msimu wa mabibo, si nje ya msimu. Mizizi ya tumbo aliitumia miezi ya nyuma, akaacha. Nilisisitiza kuuliza kuhusu vidonge vya maumivu ya viungo au vya kunenepesha, kwa sababu madukani kuna watu wanauziwa deksamethasoni au predinisoloni, dawa za steroidi zinazofanya kazi kama homoni za mwili, bila kujua, wanazimeza kwa miezi, na siku wakiacha ghafla wanaanguka kama alivyoanguka huyu. Alikanusha, na mkewe akakanusha.

Kikohozi kilikuja baadaye, mwezi wa sita. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, vimelea vya kifua kikuu vikaonekana, bila usugu kwa rifampisini. Akaanza vidonge 3 vya mchanganyiko wa dawa nne kila asubuhi, kipimo sahihi kwa uzito wake. Siku za mwanzo alizimudu. Kuanzia siku ya sita hivi akaanza kulala mchana kutwa, kisha kutapika, kisha kushindwa kusimama.

"Alikuwa anatembea," alisema mama. "Dawa ndizo zilizommaliza."

Sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli kabisa, na nitaieleza.

Saa ya kwanza

Presha iko chini, sukari iko chini, anatapika, tumbo linauma, ngozi imeingia weusi mpya, anatamani chumvi, ana kifua kikuu, na ameanza rifampisini karibuni. Hiyo ni dharura ya upungufu wa homoni za tezi za adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Haithibitishwi usiku ule. Inatibiwa usiku ule.

Tulimpa dekstrozi ya asilimia 50, mililita 50, polepole mshipani. Tukafungua dripu ya chumvi ya kawaida, lita moja ndani ya saa moja. Kabla ya dawa tulichukua damu chupa moja ya ziada kwa ajili ya kupima kotisoli, moja ya homoni hizo, na bila kungoja lolote tukamchoma haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi yake, miligramu 100 mshipani, kisha miligramu 50 kila baada ya saa 6. Kwa kuwa hatukuweza kuondoa uwezekano wa shambulio la bakteria kwenye damu, alipata pia seftriaksoni, dawa ya bakteria.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo haidrokotisoni, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wanapopotea. Dozi moja kwa mtu ambaye baadaye itaonekana hakuihitaji haina madhara makubwa. Kuinyima kwa anayeihitaji ni kifo. Wala si dawa ya kutafutwa mbali: vichupa vyake viko kwenye kabati la dharura kwa ajili ya wagonjwa wa pumu. Pasipo nayo, deksamethasoni miligramu 4 mshipani inaweza kumvusha mtu, na hiyo hupatikana wodi ya wazazi, wanakoitumia kukomaza mapafu ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati. Haina nguvu ya kuzuia chumvi isipotee, kwa hiyo dripu ya chumvi inabidi iende nayo sambamba. Vidonge vya predinisoloni kwa mtu anayetapika ni kumwaga dawa.

Baada ya saa mbili presha ilikuwa 104/66. Kabla ya alfajiri aliomba uji. Katika ugonjwa huu mtu hubadilika haraka namna hiyo, na mabadiliko yenyewe ni ushahidi, ingawa kwa mgonjwa aliyepata pia maji, sukari na dawa ya bakteria si ushahidi unaosimama peke yake.

Maabara ilisema nini

Sodiamu 117, ikiwa chini sana. Potasiamu 6.2, juu. Kreatinini, kipimo cha figo, 171. Hemoglobini 10.4. Eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, asilimia 9, kiasi kisichotarajiwa kwa mtu aliye katika mshtuko, maana kotisoli ikiwapo ya kutosha huzishusha. VVU hasi, homa ya ini B hasi.

Kuhusu ini lenyewe: bilirubini 13, ya kawaida. ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, 61, wakati kikomo cha maabara yetu ni 40. Namba hii ingeweza kutupotosha kama ingefika kwanza. Mtu akiona ALT imevuka mstari anasema, "Naam, ni ini." Lakini kipimo cha kusimamisha dawa za TB ni ALT kuzidi mara tatu ya kikomo kwa mgonjwa mwenye dalili, au mara tano kwa asiye na dalili, au umanjano. Mara moja na nusu haifiki huko. Tena upungufu wa homoni za adrenali wenyewe unaweza kuipandisha ALT kidogo, na mtu aliyekaa na presha ya 82 kwa saa kadhaa ini lake limekosa damu ya kutosha. Zaidi ya yote, ini lililoumia vibaya linaweza kushusha sukari, lakini halipandishi potasiamu huku likishusha sodiamu, na haliandiki wino kwenye fizi.

Potasiamu ya 6.2 nayo ina mtego wake. Mazoea yetu ni kumpa mtu insulini na dekstrozi ili potasiamu iingie ndani ya seli. Kwa mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa 2.7 na hana kotisoli ya kuirudisha ikishuka, insulini ni hatari kubwa. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mawimbi yaliyochongoka, ambayo ni dalili ya potasiamu kuuathiri moyo. Tuliiacha haidrokotisoni na dripu ya chumvi vifanye kazi, tukipima tena kila baada ya saa chache, na jioni ya siku iliyofuata potasiamu ilikuwa 4.9.

Sodiamu ilihitaji uangalizi wa aina nyingine. Mtu mwenye upungufu huu hushindwa kutoa maji mwilini, na ukimpa haidrokotisoni figo hufunguka, mkojo unatoka kwa wingi, sodiamu inapanda kwa kasi kuliko ulivyokusudia. Ikipanda kwa zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24 inaweza kuuharibu ubongo kwa namna ya kudumu. Kwa hiyo baada ya lita za mwanzo tulipunguza mwendo wa dripu, tukahesabu mkojo, tukarudia kipimo. Kesho yake ilikuwa 124, siku ya nne 131.

Jibu la kotisoli lilirudi kutoka Dar es Salaam baada ya siku kadhaa: nanomoli 61 kwa lita. Mtu mwenye tezi nzima, akiwa katika mshtuko wa namna ile, hutarajiwa kuwa juu ya 500. Kipimo cha kuzichochea tezi kwa sindano hatukukifanya, na kwa picha hii sikuona kingebadilisha nini. Ultrasaundi ilionyesha tezi zote mbili zimevimba, na CT skani iliyofanyika baadaye ikathibitisha, katikati ya kila tezi pakiwa pameoza.

Kwa nini dawa ndizo zilizomwangusha

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1855 na Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital, London, na miongoni mwa wagonjwa wake wa kwanza kifua kikuu kilikuwa na sehemu kubwa. Huko Ulaya na Marekani siku hizi chanzo kikuu ni kinga ya mwili kushambulia tezi zake yenyewe. Sisi bado lazima tufikirie kifua kikuu kwanza. Bakteria husafiri kwa damu kutoka mapafuni, hujikita kwenye tezi, na huila polepole. Mgonjwa haonyeshi dalili zilizo wazi mpaka sehemu kubwa sana ya tezi, asilimia 90 hivi, iwe imeharibika. Ndiyo maana mwaka mzima unapita kwa uchovu na "vidonda vya tumbo".

Tezi hizo hutengeneza kotisoli, inayoshikilia presha na sukari hasa mtu anapougua, na aldosteroni, inayozuia chumvi isitoke na kuruhusu potasiamu itoke. Kotisoli ikipungua, ubongo hupiga kelele kwa kumwaga homoni ya kuziamsha tezi, na homoni hiyo ikizidi huamsha pia chembe za rangi ya ngozi. Weusi wa fizi na viganja ni alama ya ubongo unaoita bila kujibiwa. Hapo pia ndipo tunapomtenganisha na yule aliyeacha ghafla vidonge vya steroidi: huyo ubongo wake umenyamazishwa, haingii weusi, na kwa kuwa aldosteroni yake ipo, potasiamu haipandi.

Sasa rifampisini. Kazi mojawapo ya ini ni kuvunja homoni zilizokwisha kutumika. Rifampisini huviamsha vimeng'enya vya ini vinavyofanya kazi hiyo, na ndani ya wiki mbili hivi vinakuwa vinaivunja kotisoli kwa kasi kubwa zaidi. Mtu mwenye tezi nzima hahisi kitu. Tezi zake zinaongeza kutengeneza. Mgonjwa wetu alikuwa na kisima cha kiangazi: maji kidogo yanayokusanyika usiku, yanayotosha nyumba moja kwa shida. Rifampisini ikaleta nyumba ya pili kuchota.

Kwa hiyo ini lilihusika kweli katika kutapika kwake. Ila halikuwa limeumia. Lilikuwa limezidisha kazi. Na mama aliposema dawa ndizo zilizommaliza, alikuwa ameona sawasawa kilichotokea. Tofauti ni kwamba dawa hazikuleta ugonjwa. Ziliufunua.

Kwa maoni yangu, kila mgonjwa anayeanza dawa za TB akiwa amekonda sana, ana kizunguzungu akisimama, au ana historia ndefu ya tumbo lisiloeleweka, apimwe presha mara mbili, amelala na amesimama, amulikwe mdomoni, na aulizwe chumvi. Kliniki nyingi za TB ninazozijua hupima uzito na kuhesabu vidonge kwa umakini mkubwa. Mashine ya presha iko chumba cha pili.

Kurudisha dawa za TB

Hapa palikuwa na mjadala wodini. Wengine walitaka rifampisini iondolewe, kwa kuwa ndiyo iliyomwangusha. Sikukubali. Bila rifampisini matibabu yanakuwa marefu na dhaifu, na kifua kikuu kilichokuwa kikizila tezi zake kingeendelea kula vingine. Njia ni kubaki nayo na kuongeza homoni anayopewa. Wengine walitaka dawa zirudishwe moja baada ya nyingine, kama inavyofanywa ini likiwa limeumia. Kwa kuwa ini halikuwa limeumia, hapakuwa na sababu ya kumcheleweshea. Siku ya tatu, presha ikiwa imetulia na hatapiki, alianza zote kwa pamoja, na ALT tukaipima kila wiki. Ilishuka hadi 34 akiwa anameza vidonge vilevile vilivyokuwa vimelaumiwa.

Haidrokotisoni ya vidonge hatukuipata madukani. Tulimpa predinisoloni, miligramu 7.5 asubuhi na 2.5 alasiri. Kwa mtu asiyetumia rifampisini, miligramu 5 kwa siku ingetosha wengi. Tuliirudufu kwa sababu ini lake sasa linaivunja predinisoloni nayo kwa kasi. Badala ya aldosteroni kuna fludrokotisoni, miligramu 0.1 kwa siku. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini sikuipata Mtwara mjini. Kaka yake mkubwa aliinunua Dar es Salaam na kuituma kwa basi. Mpaka ilipofika, tiba ilikuwa kopo la chumvi, na mama alilirudisha mezani kwa mkono wake.

Mazungumzo kabla ya kuruhusiwa

Tulikaa wanne: mgonjwa, mkewe, kaka yake na mimi. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kaka. Alikuwa amesikia kwamba predinisoloni inavimbisha uso na kuozesha mifupa, na alitaka mdogo wake apewe wiki mbili tu. Nilimweleza kwamba hayo huwapata wanaoongezewa juu ya ile waliyonayo. Mdogo wake hana. Tunamrudishia kiasi ambacho tezi zake zingetengeneza. Akiacha siku mbili tatu, atarudi alikotoka.

La pili ni siku za homa. Akipata malaria au homa yoyote, dozi inazidishwa mara mbili au tatu mpaka homa iishe, kisha inarudi palepale. Akitapika vidonge, asisubiri kupambazuke. Afike penye sindano. Tulimwandikia kadi kwa Kiswahili, aibebe pamoja na kitambulisho: "Tezi zangu za adrenali hazifanyi kazi. Nikitapika, nikizimia au nikipata ajali nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, na dripu ya chumvi." Kituo cha afya cha kwao nacho kilipata nakala, na vichupa viwili vilitengwa huko kwa ajili yake.

Yeye mwenyewe aliuliza jambo moja tu: Ramadhani. Nilimwambia asifunge akiwa kwenye dawa za TB, na hata baadaye kufunga kwa mtu asiye na tezi hizi kuna hatari ya kweli ya sukari na maji kushuka, hivyo azungumze na shehe wake kuhusu fidia akiwa na maelezo yangu mkononi. Alinyamaza muda mrefu. Mkewe akasema, "Baba watoto, Mungu anaujua mwili aliokupa." Akaitikia.

Kuhusu salfa, alikatazwa msimu ule kwa ajili ya mapafu. Kaka yake ndiye aliyemaliza kupuliza.

Miezi sita baadaye

Alimaliza dawa za TB akiwa na kilo 57. Presha amesimama 112/70, sodiamu 138, potasiamu 4.5. Weusi wa viganja umepungua. Wa fizi unaonekana bado, na huchukua muda. Kotisoli ya asubuhi, iliyopimwa kabla hajameza dozi, imebaki chini kabisa. Tezi zilizokwisha kuharibiwa na kifua kikuu mara nyingi hazirudi hata bakteria wakiuawa wote, kwa hiyo tulimwambia wazi kwamba dawa ni za maisha.

Rifampisini ikisimama, vimeng'enya vya ini navyo hupoa ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyokuwa sawa inageuka kuwa kubwa mno. Tulimshusha hadi miligramu 7.5 wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho cha TB, kisha 5, tukipima presha amelala na amesimama kila hatua. Fludrokotisoni imebaki ileile, 0.1, na bado inakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tumekubaliana na kaka yake aagize ya miezi mitatu kwa mkupuo, na asingoje kopo liishe.